Wamejuaje? Mwongozo wa kuchagua na kusoma vitabu vya fizikia na nyota ukiwa Eastlands

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeiacha fizikia Kidato cha Tatu, au uliyeimaliza kwa taabu, lakini bado maswali hukujia stima zikipotea Umoja au Kayole na nyota zikaonekana juu ya ploti. Hujachelewa. Wapo wanafizikia na wanaastronomia walioandika vitabu kwa ajili ya msomaji wa kawaida, na vingi vinapatikana Nairobi kwa bei isiyoumiza, au bila malipo kabisa. Kinachowashinda watu wengi ni kuanza na kitabu kisichofaa. Wanakwama ukurasa wa hamsini, wanajiona hawana akili ya sayansi, na kitabu kinabaki kwenye kabati miaka yote. Msomaji huyo alihitaji mpangilio mzuri tu.

Kabla ya kununua au kuazima chochote, shika swali moja: wamejuaje? Kitabu kinapokwambia kwamba Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, au kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, je, kinakuonyesha njia iliyotumika kufikia nambari hiyo, au kinakutaka uamini tu? Kitabu kizuri hulijibu swali hilo tena na tena. Kitabu dhaifu hukumwagia maajabu, ukakifunga ukiwa umeshangaa na hujajifunza kitu.

Mfano kutoka pwani yetu

Tujaribu swali hilo kwenye dai gumu: kwamba angani yamo mashimo meusi, vitu vyenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Wamejuaje, ikiwa hayaonekani?

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimamisha baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Hii ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksrei inayotoka angani. Kazi hiyo haiwezi kufanyika ardhini kwa sababu hewa ya Dunia huizuia miale hiyo. Nayo ikweta inafaa kwa kurusha, maana hapo Dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa na kuisukuma roketi inayoelekea mashariki.

Uhuru ilionyesha kwamba miale kutoka mahali paitwapo Cygnus X-1 hupanda na kushuka ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hapa ndipo hoja inapoanza. Hakuna kitu kinachokwenda kwa kasi kuliko mwanga, kwa hiyo kitu kikubwa hakiwezi kubadilika chote kwa ghafla namna hiyo. Chanzo cha miale lazima kiwe kidogo. Kisha wanaastronomia wakaona hapo hapo nyota kubwa ya samawati ikizunguka na mwenzake asiyeonekana kila baada ya siku 5.6. Kutokana na mwendo wa nyota hiyo waliweza kukadiria uzito wa mwenzake, na vipimo vilivyotolewa 2021 vinaonyesha ni kama mara 21 ya uzito wa Jua. Kitu kidogo, kizito kupita kiasi, kisichotoa mwanga wake: hivyo ndivyo walivyojua. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwanafizikia Stephen Hawking ameitaja Cygnus X-1 katika *A Brief History of Time*, kitabu chake cha 1988 kilichosomwa kote duniani. Anasimulia dau aliloweka na mwanafizikia Kip Thorne katika miaka ya 1970, yeye akishikilia kwamba hapo hapana shimo jeusi. Mwaka 1990 alikiri kwamba ameshindwa. Ukifika kwenye kurasa hizo, usizipite kama habari za mbali. Sehemu kubwa ya ushahidi ulioanzisha mjadala huo ilipatikana kwa chombo kilichorushwa kutoka bahari ya Malindi.

Utavipata wapi

Anza na maktaba. Buruburu kuna tawi la maktaba ya taifa, KNLS. Kaloleni na Makadara zipo maktaba mbili ambazo ni matawi ya McMillan, ile maktaba ya katikati ya mji iliyofunguliwa 1931. Matawi haya mawili yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa ushirikiano na Kaunti ya Nairobi. Ukiingia maktaba inayopanga vitabu kwa nambari za Dewey, nenda moja kwa moja kwenye 520 kwa astronomia na 530 kwa fizikia. Vitabu vya sayansi kwa jumla viko 500. Kitabu unachokitaka kikikosekana, mwambie mkutubi na uandike ombi. Maktaba hununua na kuomba kile ambacho wasomaji wameonyesha wanakihitaji.

Njia ya pili ni vitabu vya mitumba, vile vinavyotandazwa kando ya barabara katikati ya mji, ambavyo wengi huviita "inama" kwa kuwa sharti uiname ili uchague. Huko vitabu vya Hawking na vya Carl Sagan hupatikana mara kwa mara kwa bei ndogo kuliko ya duka kubwa. Fungua kitabu kabla ya kulipa: hakikisha kurasa zote zimo, picha za katikati hazijang'olewa, na faharasa ya mwisho ipo. Mpe muuzaji orodha yako na namba yako ya simu. Wengi wao hutafuta kitabu wakijua mnunuzi yupo.

Njia ya tatu ni simu yako. Kitabu cha Albert Einstein mwenyewe kuhusu nadharia ya rilativiti, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1920, kinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Mihadhara ya fizikia ya Richard Feynman inasomeka bure kwenye tovuti inayosimamiwa na chuo cha Caltech. Tovuti ya OpenStax inatoa kitabu kizima cha *Astronomy*, chenye picha na mazoezi, bila kulipisha hata shilingi. Kipakue ukiwa mahali penye waifai ili usimalize bando, kisha ukisome bila intaneti.

Tazama mwaka kabla ya jalada

Kitabu cha mtumba kinaweza kuwa kizuri na bado kikawa nyuma ya wakati. Geuza ukurasa wa haki ya kunakili, soma mwaka, halafu ulinganishe na tarehe hizi:

- Kabla ya 1995: hakitajua kwamba kuna sayari inayozunguka nyota nyingine iliyo kama Jua. Leo zimethibitishwa maelfu ya sayari za nyota nyingine.
- Kabla ya 1998: hakitajua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi.
- Kabla ya 2006: kitahesabu Pluto kuwa sayari ya tisa.
- Kabla ya 2012: kitaizungumzia chembe ya Higgs kama jambo la kutarajiwa.
- Kabla ya 2016: hakitakuwa na habari ya kunaswa kwa mawimbi ya mvutano, kulikotokea Septemba 2015 na kutangazwa Februari 2016.
- Kabla ya 2019: hakitakuwa na picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lile la galaksi ya M87.

Usikitupe kitabu kwa sababu ya mwaka wake. Maelezo ya mvutano, atomu na mwanga yaliyoandikwa vizuri 1980 bado ni sahihi. Andika kwa penseli ndani ya jalada yale yaliyogunduliwa baadaye, na yeyote atakayekisoma baada yako atakushukuru.

Uanze na kipi

Ushauri wangu ni huu: usianze na Hawking. Kitabu chake kina fomula moja tu, E=mc², na kwa sababu hiyo watu hudhani ni chepesi. Fikra zake ni nzito, na zinaenda mbio kuanzia katikati ya kitabu. Kiweke cha mwisho katika orodha yako ya kwanza.

Anza na *Seven Brief Lessons on Physics* cha Mwitaliano Carlo Rovelli. Masomo yake saba yalianzia kwenye makala za gazeti, na kitabu kizima hakifiki kurasa mia. Unaweza kumaliza somo moja kati ya Donholm na mjini kukiwa na msongamano. Hakijibu kwa kina swali la wamejuaje, lakini kitakuonyesha ramani ya nchi unayoingia.

Cha pili kiwe *Cosmos* cha Carl Sagan, cha mwaka 1980. Sagan anaheshimu msomaji, na anaonyesha jinsi maarifa yalivyopatikana na watu wa nchi nyingi. Mapema kabisa utakutana na Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo na msimamizi wa maktaba ya Alexandria, aliyepima mzingo wa Dunia kwa vivuli zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Cha tatu, na ndicho ninachokipendekeza kuliko vyote, ni *Big Bang* cha Simon Singh, cha 2004. Kitabu hiki chote ni jibu la swali letu. Kinakuchukua hatua kwa hatua, kutoka kupima ukubwa wa Dunia hadi kupima umbali wa galaksi, na kila hatua inasimama juu ya iliyotangulia. Ukiwa na fedha za kitabu kimoja tu, nunua hiki.

Baada ya hapo, fuata shauku yako. Ukitaka kuelewa vitu vimeundwa na nini, soma *Six Easy Pieces* cha Feynman, kinachoanza na atomu. Ukitaka mwanzo wa ulimwengu, soma *The First Three Minutes* cha Steven Weinberg, cha 1977, kizito kidogo lakini cha uaminifu mkubwa. Ukitaka kuona mashine ya kisasa ikijengwa na wanadamu wanaogombana, wanaokata tamaa na wanaorudi kazini, soma *Black Hole Blues* cha Janna Levin, kuhusu utafutaji wa mawimbi ya mvutano. Kisha mrudie Hawking. Utashangaa jinsi alivyo rahisi kumfuata.

Namna ya kusoma

Soma kidogo kidogo ukiwa na penseli. Kurasa kumi zilizoeleweka zinatosha kwa jioni moja. Ukikwama kwenye aya, isome mara mbili, weka alama, uendelee. Mara nyingi ukurasa unaofuata utakufungulia.

Tumia alama tatu pembeni mwa ukurasa. Ya kwanza ni ya jambo lililothibitishwa kwa vipimo, kama kasi ya mwanga, ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ya pili ni ya jambo lenye ushahidi ambalo bado halijaelezwa, kama nishati ya giza. Ya tatu ni ya wazo ambalo halijapimwa, kama nadharia ya nyuzi katika *The Elegant Universe* cha Brian Greene. Waandishi wa fizikia hupita kutoka la kwanza hadi la tatu ndani ya aya moja, na msomaji asiye macho huyachukua yote kuwa na uzito sawa. Alama hizi zitakulinda.

Mifano ya mwandishi ibadilishe iwe ya kwako. Vitabu vingi vinaeleza rilativiti kwa gari moshi la Ulaya. Weka badala yake matatu inayoteremka Jogoo Road usiku kukiwa hakuna foleni, ikienda kwa mwendo usiobadilika. Rusha sarafu juu, nayo itarudi mkononi mwako kana kwamba gari limesimama. Kwa mtu aliye stejini, sarafu hiyo imesafiri mita nyingi. Nyote wawili mko sawa. Galileo aliliandika wazo hilo mwaka 1632 akitumia chumba cha meli, na Einstein akalipeleka mbali zaidi alipouliza mwanga wenyewe unafanyaje.

Kumbuka pia kwamba waandishi wengi wanaandika wakiwa chini ya anga la kaskazini. Nairobi iko kama nyuzi 1.3 kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini wanayoisifu hutaiona hapa, lakini jioni za Mei unaweza kuona Msalaba wa Kusini upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, jambo ambalo msomaji wa London hawezi. Mwezi mwandamo wetu hulala kama mashua, wakati picha za vitabu vyao huuonyesha ukiwa umesimama wima. Kitabu hakijakosea, nawe hujakosea. Mmesimama mahali tofauti kwenye mpira mmoja. Ili kujua nini kiko juu yako usiku huu, weka programu ya Stellarium kwenye simu na uchague Nairobi. Kisha tafuta kona ya paa ambayo taa za mulika mwizi haziifikii, na uyape macho dakika ishirini yazoee giza. Zuhura na Mshtarii hung'aa hata kwenye anga la mjini.

Vitabu vya kuviogopa

Kwenye lundo lile lile la mitumba utakuta vitabu vinavyotumia maneno ya fizikia kuuza kitu kingine: kwamba nguvu za kwanta zitakuponya kisukari, au mitetemo ya ulimwengu itakuletea fedha. Vipime hivi. Je, mwandishi anataja vipimo ambavyo mtu mwingine anaweza kuvirudia? Je, anasema ni jambo gani lingeonyesha kwamba amekosea? Je, anakuahidi afya au utajiri? Jibu la mwisho likiwa ndiyo na mawili ya kwanza yakiwa hapana, kirudishe chini. Mgonjwa aliyeacha dawa kwa sababu ya kitabu kama hicho amedhulumiwa, na sisi wasomaji tuna wajibu wa kuwaonya jamaa zetu.

Soma na wenzako

Watu watano wanatosha. Kutaneni maktabani au kwenye sebule ya mmoja wenu, mkubaliane sura moja kwa wiki, na kila mara mtu mmoja aieleze kwa Kiswahili au kwa Sheng ya mtaa, bila kusoma kutoka kitabuni. Wengine kazi yao ni kumuuliza: wamejuaje? Waalikeni vijana wa sekondari, maana hao wana fomula ambazo ninyi mmezisahau, nanyi mna subira ambayo wao bado wanaitafuta. Mkiweza kuchanga nauli na kiingilio, ombeni ziara na Travelling Telescope, mradi wa Susan Murabana na Daniel Chu Owen ambao umewapelekea wanafunzi wengi wa Kenya darubini na kuanzisha sayarijumba hapa Nairobi.

Halafu fanyeni kipimo chenu. Karibu na Krismasi, watu wanapoenda ushago, tafuteni mwenzenu anayekwenda Moyale. Siku moja kati ya tarehe 20 na 24 Desemba, kila upande usimamishe fimbo ya mita moja, wima, kwenye ardhi tambarare. Kuanzia saa sita na dakika kumi mchana hadi saa saba, wekeni alama ncha ya kivuli kila dakika tano, na mchukue kivuli kifupi kuliko vyote. Nairobi mtapata kama sentimita 41, na Moyale kama sentimita 51. Choreni pembetatu zote mbili kwa kipimo kwenye karatasi na mpime pembe ya juu, ile ya ncha ya fimbo, kwa kipimapembe cha shule. Zitakuwa karibu nyuzi 22 na nyuzi 27. Tofauti yake ni nyuzi 5 hivi, na umbali wa Moyale kutoka Nairobi kwa kuhesabu kaskazini na kusini peke yake ni kama kilomita 530. Umbali huo ni kipande cha duara zima la nyuzi 360, kwa hiyo gawanyeni 360 kwa tofauti ya pembe zenu, mzidishe kwa 530. Mkipata jibu kati ya kilomita 35,000 na 45,000 mmefanya kazi nzuri, kwa sababu mzingo halisi wa Dunia ni karibu kilomita 40,000. Tangu siku hiyo, ukubwa wa Dunia hamtausadiki kwa kuambiwa. Mtakuwa mmeupima.

Tarehe ya kujiandalia

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, Jua litapatwa. Litafunikwa kabisa katika sehemu za Misri na Saudia na kwenye ncha ya Somalia. Nairobi tutaona sehemu yake ikimezwa na Mwezi mchana. Msilitazame kwa macho matupu, wala kwa filamu ya eksrei, wala kwa sidii. Tafuteni mapema miwani yenye alama ya kiwango ISO 12312-2, au tobo dogo kwenye katoni linaloangusha picha ya Jua ukutani. Siku hiyo mtaani kutakuwa na watoto wenye maswali na watu wazima wenye uvumi. Nenda maktaba wiki hii, uchukue kitabu cha kwanza, ili siku hiyo ikifika awepo kwenye ploti yenu mtu mmoja anayeweza kueleza kinachotokea, na jinsi kilivyojulikana mapema.